Kumfundisha Brina Kuacha

Mwaka ule mbwa watatu walikufa bondeni kwetu kabla msimu wa uyoga mweupe, ule unaoota chini ya udongo na kunuswa na mbwa, haujafunguliwa. Wa kwanza alikuwa wa seremala, wa pili wa mwalimu mmoja mstaafu, na wa tatu sikumjua mwenyewe, ila nilimkuta kando ya barabara amelazwa juu ya gunia, miguu imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa. Wote waliokota kitu chini wakala, kitu kilichotiwa sumu. Wengine walisema soseji, wengine jibini. Kila mtu alikuwa na jina la mtegaji moyoni na hakuna aliyelitamka mbele ya polisi. Jina nililokuwa nalo mimi ni la Ottorino, kwa sababu amenifuatilia msituni miaka thelathini ili ajue ninapochimba, na mtu wa namna hiyo unaweza kumdhania lolote.

Tangu hapo roho yangu ilikaa juu. Nikiwa mezani nasikiliza kama mbwa wangu, Brina, anatafuna kitu uani. Akikohoa naacha kijiko. Nilitoka kumkagua mdomo mara nne, mara tano kwa siku, nikimpanua taya na kumchungulia kooni, naye alivumilia akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari asiyejua kazi.

Brina alikuwa na miaka minne, manyoya ya kusokotana, rangi ya kahawa yenye maziwa. Bonde zima lilijua pua yake, na lilijua tumbo lake pia. Alishakula soksi ya padre, kipande cha sabuni, na siagi pamoja na karatasi yake. Msituni ndiyo usiseme: mfupa, ganda la yai, mkate wa wawindaji uliolowa mvua, vyote halali yake. Angekuwa mtu tungemwita mlafi. Kwa kuwa ni mbwa anayetafuta uyoga vizuri, tulisema ana hamu ya kula.

Mke wangu, Zelinda, ndiye aliyechoka kwanza. Aliniambia nichague moja, kumfunga mbwa mdomo au kumfundisha, maana kwa jinsi nilivyokuwa nikizunguka nyumba, atakayekufa kwanza ni yeye mkewe. Tulikuwa tumeshajaribu kumfunga. Nilimnunulia kile kikapu cha kuvaa mdomoni, Brina akakisugua kwenye mashina ya mialoni mpaka pua ikatoka damu, kisha akakaa chini akagoma kazi. Basi Zelinda akampigia simu Loredana bila kuniuliza.

Loredana alikuwa anakaa kwenye kinu cha zamani kule chini mtoni. Zamani alifundisha mbwa wa kutafuta watu waliofukiwa na tetemeko. Sikumpenda tangu alipoingia, kwa sababu alimsalimia mbwa kabla yangu, na kwa sababu nilipotania kwamba Brina ana shule nyingi kuliko meya, hakucheka. Alichuchumaa, akafumbata kipande cha nyama ngumini, akamnyooshea. Brina akalamba ngumi, akaikwaruza, akaing'ata kidogo. Ngumi haikufunguka. Alipochoka akarudisha kichwa nyuma, na papo hapo mkono wa pili ukampa kipande kikubwa zaidi. Wakarudia mara kumi. Kisha nyama ikawekwa sakafuni, chini ya kiatu, halafu kando ya kiatu, halafu peke yake. Neno lilikuwa moja tu, "acha", nalo lilisemwa kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu asogeze kiti.

"Simnyimi," aliniambia. "Namwonyesha kwamba kizuri kinatoka kwa mtu, hakitoki chini."

Ndipo akaniomba nimwonyeshe ninavyompa zawadi akifukua uyoga. Nikachukua ganda la mkate mfukoni, nikalitupa chini, pale ambapo shimo lingekuwa. Nikamweleza, maana ni mgeni wa kazi yetu: ukitupa mkate, mbwa anaugeukia, mdomo wake unaachana na uyoga, nawe unauchomoa mzima. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu, na kila mtu unayemjua hapa.

Loredana aliliokota lile ganda. "Kwa hiyo miaka minne umemfundisha kwamba chakula kinaota ardhini," akasema. "Halafu unaniita nimrekebishe yeye."

Zelinda, aliyekuwa dirishani akimenya viazi, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Kuanzia siku hiyo nilikatazwa kutupa. Mkate utoke mkononi, mkono uwe karibu na goti, mbwa aje kwangu. Unadhani ni jambo dogo. Mkono uliozoea kutupa kwa miaka hamsini unatupa wenyewe, hauombi ruhusa. Brina alijifunza kwa siku nne. Mimi baada ya siku tisa bado nilikuwa nachapwa kofi kiganjani na mwanamke mwenye umri wa binti yangu.

Ila mbwa alibadilika, siwezi kusema uongo. Mwanzoni aliacha uani, baadaye njiani, baadaye mbele ya bucha, na Jumapili moja aliacha uwanjani mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani, soseji nzima ikiwa imelala juu ya mawe. Aliipita, akanijia, akanitazama usoni. Seremala, yule aliyefiwa na mbwa, alivua kofia. Ottorino naye alikuwepo, ameegemea ukuta, mikono mifukoni. Akasema kazi nzuri, nami nikampa mgongo. Usiku ule nililala, na Zelinda akasema nilikoroma mpaka vikombe vikagongana.

Kesho yake Loredana akaja na maneno mapya. Alisema sasa twende msituni, mahali hasa Brina anapofanyia kazi. Nikamwambia haina haja, ameshaelewa. Akasema mbwa hajifunzi kama sisi. Alichojifunza ni kwamba soseji ya uwanjani hailiwi. Soseji ya msituni, kwenye harufu za msituni, akiwa kazini damu inamchemka, hiyo kwake ni kitu kingine kabisa, na somo halitafika huko mpaka tulipeleke wenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu hata leo kuna watu wananiona mpumbavu. Kwetu mahali pa uyoga hapasemwi. Hapasemwi kwa mke wala kwa padre. Baba yangu aliniachia Fosso Ramella, korongo lenye kijito, kwa kunipeleka tu, akanyoosha kidole, hakutamka jina. Gari naliegesha mbali, upande mwingine wa kilima, kisha nazunguka kwa miguu nusu saa. Ukinikuta njiani ukaniuliza natoka wapi, nakujibu Pian Cerreto, na wewe unajua nimekudanganya, na unajua kwamba ningekuuliza wewe ungenidanganya vivyo hivyo, na hakuna anayechukia. Kila Zelinda aliponiuliza nilikuwa wapi, na tangu tupate simu za mkononi aliponipigia kuniuliza niko wapi, kwa miaka arobaini na moja ya ndoa, nilimwambia Pian Cerreto. Nadhani mwishoni alikuwa anauliza kwa kuzoea tu.

Kwa hiyo nilimpeleka Loredana Pian Cerreto. Ni msitu wa mialoni kama mingine, una kanisa dogo bovu, na uyoga haujawahi kuota pale hata mmoja. Alitega nyama mahali saba. Brina aliziacha zote. Mimi nikasimama kifua mbele.

Loredana hakuwa anaziangalia zile nyama. Alikuwa anamwangalia Brina, ambaye alikuwa amekaa, anajikuna sikio.

"Mzee Nazzareno, huyu hapa yuko likizo," akasema. "Pua hata hajaishusha. Hapa hamfanyi kazi."

Nikaapa kwamba tunafanya. Nikaapa kwa afya yangu, maana ya watu wengine niliona aibu kuiapia. Akasema yuko tayari kufungwa kitambaa machoni njia nzima, aache simu nyumbani, atie sahihi karatasi nikitaka. Mimi nikajifanya hamnazo, nikaongea habari za mvua. Alipoona hivyo aliokota nyama zake moja moja, akazitia mfukoni, akaniambia maneno ya mwisho kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi: nisimvue kikapu cha mdomo mahali pangu pa kazi, popote palipo, mpaka nitakapokubali kumpeleka huko.

Nilijaribu mwenyewe. Mara mbili nilikwenda Ramella na soseji mfukoni, nikazitega, nikamwachia.  Lakini tawi likivunjika, naona Ottorino. Nikiinama kutega, naona macho mgongoni. Mara ya kwanza Brina aliacha, mara ya pili alimeza kabla sijafungua mdomo, na badala ya kurudia nikaziokota zilizobaki haraka haraka nikaondoka, kwa sababu nilisikia pikipiki. Nikajisemea nusu si haba. Ndivyo nilivyojisemea, kuhusu sumu.

Msimu ulifunguliwa. Wiki mbili za kwanza nilikwenda na kikapu mdomoni mwake na tukarudi mikono mitupu. Brina alitembea nyuma yangu kama anasindikiza maiti. Jumanne ya wiki ya tatu, asubuhi, jua limeshatoka na ukungu unaondoka mtoni, alisimama chini ya mwaloni mkubwa wa Ramella, akashusha kichwa, mkia ukaanza kutetemeka vile ninavyoujua. Akaukwaruza udongo, akanitazama. Kikapu kiligonga jiwe. Akajaribu tena, kikagonga tena, akalia.

Nikamvua. Sitafuti kisingizio. Nilimwonea huruma, na nilitaka ule uyoga, na sijui hata leo kipi kilikuwa kikubwa.

Alifukua vizuri ajabu, kwa kucha mbili mbili, polepole. Ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mtoto. Nikampa mkate mkononi, karibu na goti, kama nilivyofundishwa, nikajisifu moyoni. Nilipiga magoti kuurudishia ule udongo ili mtu asione shimo. Nilipoinua kichwa, Brina alikuwa hatua kumi mbele, pua kwenye majani.

Nikasema acha. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Naye alisikia, maana aliinua kichwa akanitazama, na kitu kilikuwa mdomoni, hakijamezwa. Nilimwona anafikiri. Kama nyuma yake pangekuwa na uwanja na kanisa, nina hakika angekiacha. Nyuma yake palikuwa na Ramella. Akameza.

Kilichobaki kwenye majani kilikuwa kipande cha soseji kilichopasuliwa katikati, kimejazwa chenga za buluu. Nilimtia vidole kooni, akatapika kidogo, si vyote. Baada ya dakika chache misuli ya mapaja ikaanza kuchezacheza chini ya ngozi, halafu macho yakamtoka. Gari langu lilikuwa upande wa pili wa kilima. Nikapiga simu kwa Loredana, kwa kuwa yeye ana gari la kupanda milima na anakaa karibu.

"Ameokota," nikasema. "Anatetemeka."

"Uko wapi?"

Nikamjibu. Nikasikia mlango wa gari lake ukifungwa, simu ikakatika. Nikamvika Brina koti langu, nikambeba mpaka kwenye njia ya magogo, nikakaa naye mapajani nikihesabu pumzi zake. Alikuwa akitulia, halafu jani likianguka anaruka mwili mzima. Nilimwambia mwalimu wako anakuja, yuko karibu. Nilisikiliza injini. Hakuna injini. Nikaanza kumtukana Loredana kimoyomoyo, kwamba amesimama kuongea na watu, kwamba wanawake hawajui njia za milimani. Zilipita dakika kumi na tano hivi, simu ikaita.

"Niko kanisani," akasema, anahema. "Nimezunguka pande zote. Sikuoni."

Sikuelewa. Kanisa lipi? Huku hakuna kanisa. Nikauliza, kanisa lipi, binti?

"La Pian Cerreto, mzee. Umeniambia Pian Cerreto."

Naapa sikukumbuka kulitamka. Mpaka leo nikiirudisha ile simu kichwani nasikia swali lake, nasikia mlango wa gari, katikati sisikii kitu. Lakini nililisema. Brina anakufa mapajani mwangu, mtu pekee wa kumwokoa ananiuliza niko wapi, na mdomo wangu ukajibu kama unavyojibu siku zote.  Halafu nikasema Fosso Ramella, nikasema chini ya daraja la mbao, upande wa kushoto, nikalia simuni kama mtoto. Kutoka Cerreto mpaka Ramella ni kurudi mpaka barabara kuu na kupanda upya.

Alipofika aliruka chini injini ikiwa bado inanguruma. Alimchukua Brina pamoja na koti, akamlaza kiti cha nyuma cha gari, akaniambia nikae naye na nimfunike macho. Safari nzima nilitaka kuongea. Nilitaka kumwambia Brina mambo mengi, na kumwambia Loredana pia, maneno yalinijaa mdomoni, mimi mtu ambaye sijawahi kumwambia mtu kitu. Kila nilipofungua kinywa mwili wa Brina ulikakamaa.

"Nyamaza, mzee," Loredana akasema bila kugeuka. "Sauti inamzidishia."

Nikanyamaza. Barabara ile ina kona thelathini na moja.

Daktari wa wanyama, mama mmoja mnene mwenye mikono ya haraka, alimtia sindano mbili, akamwekea mpira wa maji mguuni, akamfanyia kila aliloweza kwa muda wa saa moja. Mimi nilisimama mlangoni. Saa nne kasorobo misuli ya Brina iliacha kutetemeka, nikadhani amepona, nikaanza hata kutabasamu. Daktari akanitazama, akatikisa kichwa, akamfumba Brina macho.

Nikakaa kwenye chumba cha kusubiria. Hapo ndipo nilipomwona Ottorino. Alikuwa ameketi kwenye kona, mbwa mdogo wa miezi mitatu kifuani, amekuja kwa chanjo. Nilimtazama kwa chuki yote niliyokuwa nayo, nikitafuta usoni mwake dalili yoyote, furaha, aibu, chochote. Yule mbwa mdogo alikuwa anamtafuna kifungo cha shati, naye alikuwa amemwachia tu. Uso wake ulikuwa umepauka. Sijui kama ni yeye aliyetega. Nitakufa bila kujua.

Daktari akatoka na karatasi. Alimuuliza Loredana imechukua muda gani tangu mbwa ale mpaka kufika, na Loredana akasema tulikawia njiani, barabara mbaya. Alisema hivyo huku akiangalia sakafu. Alikuwa ananisitiri, mbele ya watu, mimi niliyemwapia uongo msituni.

Kisha daktari akanigeukia. Alisema pole, lakini sheria inataka mahali ilipookotwa sumu paandikwe leo hii, watu wa manispaa wapafunge na wapekue kwa mbwa wao, kwa kuwa kipande kimoja hakitegwi peke yake. Akaweka kalamu tayari.

"Mahali gani?"

Chumba kilikuwa kidogo. Ottorino alielewa kabla yangu. Aliinuka, akamkumbatia mbwa wake, akaelekea mlangoni bila kunitazama, kama mwanamume anayetoka chumbani mwenzake anapotaka kuvua nguo. Miaka thelathini alinifuata kwenye matope ili alisikie jina lile, na sasa alikuwa anatoka nje ili asilisikie. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Ottorino, rudi ukae," nikasema. "Na wewe una mbwa."

Akasimama. Akarudi, akaketi.

"Hatukukawia kwa ajili ya barabara," nikamwambia daktari. "Mimi nilimdanganya huyu binti mahali nilipokuwa. Andika Fosso Ramella. Unavuka daraja la mbao, unashika kushoto, unafuata maji mpaka kwenye mwaloni mkubwa wenye mashina mawili. Hapo ndipo tulipochimba mara ya mwisho. Wakitaka, nitawapeleka mwenyewe."

Daktari aliandika. Alikuwa na mwandiko wa polepole, na aliniomba nirudie jina.